Kamera Nane na Waya Mbovu: Kisa cha Nyumba ya Karafuu Wete

Nyumba ipo nje kidogo ya mji wa Wete, ukishika njia ya Konde. Anaishi bi mkubwa, mabinti zake wawili na wajukuu. Mtoto wake wa kiume yuko Muscat, na yeye ndiye mtoaji wa fedha. Nyuma ya nyumba kuna uani. Ukitoka uani unakuta sakafu ya saruji ya kuanikia karafuu, na mwisho wa kiwanja, mita 38 kutoka nyumba kubwa, lipo ghala. Msimu uliopita ghala lile lilivunjwa usiku, magunia mawili ya karafuu kavu yakaondoka. Asiyeijua karafuu ataona magunia mawili si kitu. Kilo moja kavu inatokana na kilo tatu hivi mbichi, na hizo tatu kuna mtu kapanda mkarafuu kuzichuma, kuna watu wamekesha kuzichambua makonyo, kisha zimeanikwa siku nne au tano huku kila wingu likitupiwa jicho.

Nyumba ilikuwa na kamera nane. Ya ghala ilikuwa ikizimazima tangu magharibi hadi alfajiri. Ya geti ilinasa mtu akipita, lakini kilichoonekana ni kofia na mabega, na tarehe iliyo pembeni ya picha ilisema Januari 2000. Walipoipeleka kwa sheha, kisha polisi, walisikilizwa vizuri, ila picha yenyewe haikuwa na la kumsaidia mtu. Ndipo nikaitwa mimi, fundi wa kamera, na ombi lilikuwa moja: nizitoe kamera zile, niweke zilizo kali zaidi.

Sikukubali kuanza na kamera. Mtu aliyeibiwa huku ana kamera nane anastahili kwanza kuambiwa kwa nini hazikumfaa, la sivyo atanunua nane nyingine za bei kubwa na zitamfanyia vilevile.

Mchana inaona, usiku inakufa

Kamera ya ghala ilikuwa na tabia moja ambayo watu wa nyumbani walikwisha kuizoea. Mchana inaonesha vizuri kabisa. Jua likizama inapotea, inarudi, inapotea tena, mpaka kunakucha. Duka lililowauzia lilishawabadilishia kamera ile, na mpya nayo ikafanya hivyohivyo.

Seti yao ilikuja na waya za kiwandani za mita 18. Kwa nyumba ya mjini iliyobanana zinatosha, lakini ghala hili liko mbali zaidi ya mara mbili. Aliyefunga akaunga waya wa mtandao: jozi moja ya nyuzi inapitisha picha, jozi nyingine inapitisha umeme wa volti 12. Nikaukwaruza unyuzi mmoja kwa ncha ya kisu. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba, na ganda lake limeandikwa Cat6, daraja la waya wa mtandao, kwa herufi safi, wakati kiwango cha Cat6 kinataka unyuzi wa shaba mtupu.

Kisha nikapima. Kwenye rekoda, kifaa kinachohifadhi picha za kamera zote, palikuwa na volti 12 kamili. Kule ghalani, adhuhuri, mita ikasoma kumi na ushei. Nikaiziba kamera kwa kitambaa ili ijue usiku umeingia. Taa zake za infraredi, za kuonea gizani, zikawaka, mita ikaporomoka chini ya nane, kamera ikazima. Ilipozima, mzigo ukaondoka, volti zikarudi kumi na mbili, kamera ikaamka, ikawasha taa, ikazima. Binti mkubwa alikuwa amesimama karibu yangu. Akasema, "Kumbe kila usiku ndiyo kazi yake hiyo."

Hesabu yake si ngumu. Jozi ya nyuzi za shaba halisi za unene ule, kwenda mita 45 na kurudi mita 45, ina upinzani wa omu nane na nusu hivi. Mchana kamera inavuta kidogo, haina shida. Usiku ikivuta ampea 0.4, volti zaidi ya tatu zinapotelea njiani. Ukiweka alumini, upinzani unazidi kwa zaidi ya nusu, na unapoteza volti tano katika kumi na mbili. Kamera ile haikuwa mbovu, wala ile iliyotangulia.

Darini nilizikuta zile sehemu za kuungia. Nyuzi zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Nilipoibandua tepu, alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe. Upepo wa bahari hapa hauhitaji mwaka kufika ndani ya tepu.

Kofia ina maelezo mafupi: kamera ya geti ilifungwa juu ya nguzo, mita nne na nusu kutoka chini, ikitazama chini. Kwa kimo hicho huoni uso wa mtu anayekaribia, unaona utosi wake. Na tarehe ilipotea kwa sababu betri ndogo ya saa ndani ya rekoda ilikwisha, basi kila umeme ukikatika rekoda inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na hali ni bora mno kuliko enzi za majenereta, lakini kukatika kunako. Kwa rekoda ile, kila kukatika kulimaanisha kuanza upya 2000.

Karatasi kabla ya duka

Tulikaa barazani tukachora kiwanja chote kwenye karatasi, kwa vipimo: nyumba, geti, ukuta, uani, sakafu, ghala, mnazi ulioko kando ya ghala. Kwa kila pahala niliuliza swali moja tu. Hapa mnataka kujua kuwa kuna mtu, au mnataka kujua ni nani?

Tofauti ya majibu haya mawili ndiyo inayoamua kamera ngapi, wapi, na lenzi gani. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014 kilisema pikseli (vidoti vinavyounda picha) 25 kwa kila mita ya mandhari zinatosha kujua kuwa mtu yupo, lakini kumtambua mgeni usiyemjua kunataka pikseli 250. Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2,560 kwa upana. Ukigawa kwa 250 unapata upana wa mita kumi. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo inayokuja na seti nyingi, inafungua pembe ya nyuzi kama mia moja, na inafikia upana wa mita kumi mtu akiwa umbali wa mita nne tu. Akisogea zaidi, inakuonesha kiumbe anayetembea, haikuoneshi mtu fulani. Ukitaka uso getini, kamera iwe getini, kwenye kimo cha mita mbili na nusu mpaka tatu, na lenzi iliyobana zaidi. Hakuna kamera ya ukutani mwa nyumba itakayofanya kazi hiyo kutoka mita thelathini, hata iwe ghali vipi.

Tulipomaliza kuchora, kamera nane zilikuwa zimebaki tano: geti, baraza ya mbele, njia ya kando upande wa mashariki, sakafu ya karafuu, na mlango wa ghala. Mtoto wa Muscat alipiga simu akashtuka. "Fundi, kaka yangu, mimi nimekuita uongeze, wewe unapunguza?" Nikampelekea picha ya mchoro na duara ndogo zinazoonesha kila kamera inatambua mpaka wapi. Akauliza pia kwa nini nisiweke kamera za waifai, maana hazina shughuli ya waya. Zina shughuli hiyo, kwa sababu kila moja inataka umeme. Madhali waya lazima ufike pale, basi ufike mmoja unaobeba umeme na picha pamoja.

Uani

Hapa ndipo nilipokaa zaidi kuliko penginepo, na ningependa kila fundi akae.

Bi mkubwa alikuwa kimya muda wote tunapima. Tulipofika uani akasema, "Fundi mwanangu, hapa jioni tunakaa sisi wanawake tunachambua karafuu, vichwa wazi. Hiyo picha huko Muscat inatazamwa na nani?" Mtoto wake anakaa chumba kimoja na wenzake. Simu inawekwa mezani, mtu anapita, anaangalia. Hakuna nia mbaya, lakini sitara imekwisha.

Katika zile nane, moja ilifungwa katikati ya uani, ikitazama jiko, karo na mahali pa majamvi. Mabinti waliacha kukaa pale tangu ifungwe. Msimu mzima walichambua ndani, chumbani, kwa joto la Pemba, milango imefungwa. Hakuna aliyemwambia kaka, kwa sababu kaka alikuwa ametoa fedha kwa moyo safi. Kwangu hiyo ni hasara kubwa kuliko magunia mawili, na ilianza siku kamera zilipofungwa, kabla ya mwizi kufika.

Basi uani haukuwekewa kamera kabisa. Kamera ya sakafu ya karafuu niliipangia pembe ya ghala, ikitazama sakafu na ukuta wa nyuma, mgongo wake ukiwa upande wa nyumba. Mwizi anayeruka ukuta anaonekana. Anayetoka uani na sinia la karafuu haonekani mpaka awe amefika sakafuni, na akifika kule huwa amejitanda. Njia ya mashariki ilikuwa na tatizo jingine: ukuta wa jirani ni mfupi, na nyuma yake kuna uani wake yeye. Nilielekeza kamera ifuate ukuta kwa urefu, kisha sehemu iliyobaki ya uani wa jirani nikaiziba kwa kiraka cheusi ndani ya mipangilio ya kamera yenyewe, ili isirekodiwe hata kidogo. Bi mkubwa alimwita jirani aje aione picha kwenye televisheni kwa macho yake. Ni jambo la dakika chache, na likikosekana ndipo majirani wanapoanza kuvunjiana heshima.

Rekoda nyingi za sasa zinaruhusu watumiaji kadhaa, kila mmoja na kamera zake. Mtoto wa Muscat anaona geti, baraza na ghala. Bi mkubwa na mabinti wanaona zote tano, na nywila kuu iko kwao, ndani ya bahasha. Hilo tulilijadili wote kwa simu, na kaka mtu alilikubali bila kinyongo mara aliposikia kwa nini.

Njia ya waya

Fedha iliyookolewa kwenye kamera tatu iliingia kwenye waya. Nilitaka Cat6 ya shaba mtupu, ganda jeusi la nje linalostahimili jua. Ganda la kijivu la ndani likipigwa na jua linakauka na kupasuka, na mvua za masika zinamaliza kilichobaki. Dukani nilikwaruza unyuzi kabla ya kulipa. Nilishalipima na boksi kwa mkono: la shaba ni zito, la alumini unalinyanyua kwa urahisi unaokupa shaka.

Urefu ulipimwa kwa kufuata njia ambayo waya utapita hasa, ukiwemo wa kupanda na kushuka: geti mita 58, baraza 16, njia ya mashariki 22, sakafu 47, ghala 49. Jumla 192. Nikaongeza waya wa akiba hadi getini, 58 nyingine, kwa sababu getini ndipo wanapoweza kutaka kengele ya mlango siku za mbele, na kuchimba mara ya pili ni adhabu. Hiyo ni 250, na asilimia kumi ya kupotea inakuwa 275. Boksi moja ni mita 305. Njia ndefu kuliko zote haifiki hata thuluthi mbili ya mita 100, ambazo ndizo mwisho wa waya wa mtandao.

Umeme unapita ndani ya waya huohuo kutoka kwenye swichi ya PoE, kifaa kinachogawa mtandao na umeme kwa kila kamera, kwa volti 48 hivi badala ya 12. Kamera inayokula wati 6 inavuta ampea 0.125 tu, na kwa nyuzi za shaba zinazotumika nne kwa pamoja, mpaka ghalani inapotea kama nusu volti. Linganisha na tano za mwanzo. Ndiyo maana nilisema sikuwa na haja ya kuanza na kamera.

Kwenda ghalani waya mbili ziko ndani ya paipu ya milimita 32, imefukiwa sentimita 45, chini ya pale jembe linapofika. Kona zote ni za mviringo, hakuna kiwiko, na kamba ya kuvutia imeachwa ndani. Waya mkubwa wa umeme una paipu yake mbali, na pale njia zinapokatana zimekatana msalaba. Jambo lililonisumbua ni radi. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili ni njia nzuri ya radi kuingia nyumbani, na Wete hatukosi ngurumo wakati wa masika. Ghala lingekuwa na umeme wake ningeweka faiba, waya wa kioo, na tatizo lingekwisha, kwa sababu kioo hakipitishi umeme. Halina. Kwa hiyo niliweka vizuia radi pande zote mbili za kila waya unaotoka nje, na kuvifunga kwenye nondo za shaba za ethi zilizopigwa ardhini, zote zikiunganishwa na ethi ya nyumba. Haviizuii radi ikipiga moja kwa moja, lakini vinapunguza ile mipigo ya karibu ambayo ndiyo inayoua vifaa vingi.

Kwenye kila kamera kuna boksi lenye mpira. Tundu la ukutani limetobolewa likiinamia nje, na waya unashuka kwanza chini ya boksi ukifanya kitanzi kabla ya kuingia, maji yadondoke hapo. Plagi ya mwisho wa waya, RJ45, imepakwa grisi ya silikoni. Skrubu ni za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Za kawaida karibu na bahari huanza kutoa machozi ya kutu ukutani baada ya mvua chache.

Rekoda, betri na intaneti

Hili ni jepesi zaidi. Kamera moja ya megabiti 4 kwa sekunde inajaza gigabaiti 43.2 kwa siku. Geti na ghala nimeziacha hapo. Tatu nyingine, ambazo mandhari yake hayabadiliki sana, ziko megabiti 2. Jumla ni gigabaiti 151 kwa siku, na diski ya terabaiti 4, ya aina iliyotengenezewa kurekodi mfululizo, inahifadhi siku 26. Familia ilitaka mwezi. Tulikubaliana kuwa zinatosha, kwa sababu ghala linakaguliwa kila wiki.

Kamera tano, swichi, rekoda na ruta, vyote vinakula kama wati 60. UPS ya kompyuta waliyokuwa nayo, kifaa cha umeme wa akiba, ina betri ya ampea-saa 7, haifikishi saa moja. Tumeweka inveta ndogo na betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100. Ukichukua asilimia 80 ya chaji na kutoa kinachopotea ndani ya inveta, unapata saa kumi na tatu hivi. Umeme ukikatika magharibi, mfumo unafika asubuhi. Vifaa vyote viko ndani ya kabati la chumba cha kati lenye matundu ya hewa. Zamani rekoda ilikuwa sebuleni juu ya televisheni, mahali pa kwanza mwizi anapoingiza mkono.

Saa ya rekoda inajirekebisha kwa intaneti, na imewekwa kwenye saa za Afrika Mashariki. Muscat iko mbele saa moja, na nilimwandikia mtoto wa Muscat jambo hilo, kwa sababu ushahidi ukipelekwa polisi na saa mbili tofauti unaleta maswali yasiyo na haja. Nywila za kiwandani zimebadilishwa siku ya kwanza, na hakuna mlango wa ruta uliofunguliwa kwa dunia nzima. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilizikusanya kamera na rekoda nyingi ulimwenguni kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Kamera ya Wete haina kinga ya umbali.

Tumeshapita masika moja. Buibui walitanda mbele ya kamera ya njia ya mashariki, taa za infraredi zikageuza picha ukungu mweupe usiku kucha. Binti mdogo sasa anafagia pale kwa ufagio mrefu kila Ijumaa, na taa ya nje tuliyoiweka pembeni, mbali kidogo na lenzi, inawavuta wadudu upande wake. Kamera ya ghala haijazima usiku hata mara moja. Mabinti wamerudi kuchambua uani.

Lililobaki si langu, ni la seremala. Mlango wa ghala bado una bawaba zilizofungwa nje, zilezile zilizong'olewa kwa msumari mnene, na nimewaomba bawaba zihamie ndani na komeo liwe la chuma kabla mikarafuu haijaanza kuchumwa.